Mzee Aliyezidiwa na Chuma

Vijana wa maabara, siku mliponiaga mliimaliza keki yangu kabla sijaionja, halafu mkaniomba niandike mambo ya zamani. Nimekubali. Ila mjue mapema kwamba mimi niliishia darasa la saba pale Moshono, na mkono wangu haukimbii. Ukurasa mmoja unanichukua tangu chai ya asubuhi mpaka kuku waingie bandani. Tena kila nikikumbuka jambo nacheka peke yangu, kalamu inasimama, na mjukuu wangu anakuja kuchungulia kama bibi yuko mzima.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilipokelewa hospitalini kama mfagiaji wa maabara. Nilikuwa msichana mwenye aibu kupita kiasi. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilikosa wa kumjibu, nikawa naitikia ukuta. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikamkuta mzee mmoja, miwani yake imefungwa uzi kwenye sikio, ameshika kichupa chembamba cha kioo kwa koleo ya mbao juu ya taa ya spiriti. Ndani ya kichupa kulikuwa na maji ya bluu yanachemka. Nikajua ni mpishi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado, babu."

"Basi hii usiiguse. Huu ni mkojo wa mchungaji."

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mlango kwa kisogo. Huyo ndiye Mzee Eliakimu, Mchaga wa Machame, fundi wa maabara yetu, na ndiye aliyenifundisha kila nilichokuja kukijua. Alinionyesha jinsi ile dawa ya bluu inavyobadilika ikichemshwa na mkojo wenye sukari. Sukari kidogo, inakuwa kijani. Ikizidi, njano. Ikizidi sana, inakuwa nyekundu iliyofifia kama tofali la kuchoma. "Ukiona tofali," alisema, "usisubiri niagize. Mkimbilie daktari." Nilifurahi kama mtoto aliyepewa rangi za kuchorea. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kichupa kile kikigeuka mkononi, ingawa najua kwa mgonjwa haikuwa habari ya kuchezea ngoma.

Tabu ilikuwa kuomba huo mkojo. Baba mtu mzima anaingia, amevaa koti, nami nitamwambiaje? Mara ya kwanza nilipiga goti, nikasema shikamoo, nikampa chupa kwa mikono miwili huku natazama sakafu. Akajibu, "Marahaba, asante sana binti, Mungu akubariki," akaitia mfukoni akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi nayo imejaa ugoro. Mzee Eliakimu alicheka mpaka miwani ikakatika uzi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na kazi mbili. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha kwenye sufuria, na ncha zake zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Damu tuliipima kwa karatasi: unamchoma mtu kidole, tone linanywewa na karatasi nyeupe, unalinganisha wekundu wake na rangi zilizochapwa kwenye kitabu kidogo. Wekundu ukikolea, damu ipo. Ukififia, damu imepungua. Nilipoacha kufagia nikaanza kuchoma watu vidole, nilijiona nimefika mbinguni, na bado nilikuwa siwaangalii usoni.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia kila mtu afanye biashara. Mji wote ukawa kama umefunguliwa madirisha. Mitaa ya Levolosi na Sokon kila mwenye chumba cha mbele alikitoboa kikawa duka, na mengine yakawa maduka ya dawa. Zamani dawa ilikuwa ya kubembeleza; sasa ikawa imepangwa kwenye kioo, chupa nyekundu, chupa za kahawia, zote zina picha ya mwanamume amekunja misuli. Dawa iliyotoka kuliko zote ilikuwa ya kuongeza damu. Huku kwetu mtu akichoka anasema hana damu. Akipata kizunguzungu, hana damu. Akiachwa na mchumba, damu imepungua. Muuza duka haulizi mara mbili, anafungua kabati. Akiwa na mwenye kuchoma sindano pale nyuma ya pazia, anapiga na sindano.

Ndipo akaja Mzee Lembris.

Alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima Meru, mkulima na mfugaji, mrefu mpaka aliinama kuingia kwetu. Alikuwa na mdomo usiopumzika. Alikuja na mke wake, mama mwembamba mwenye shanga masikioni, ambaye watu wote walimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Yeyo hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje na fimbo na kofia ya mumewe magotini, kama walivyokaa wake wote siku zile. Mume ndiye mgonjwa, mume ndiye anayesemeshwa.

Mzee Lembris alikuwa amechoka kwa miaka. Viungo vya vidole vilimuuma. Kiu haikumwisha. Nilipika mkojo wake, na kabla haujachemka vizuri ukawa tofali. Nikakimbia kumwita Dokta Anaeli.

Dokta alikuwa Mmeru, kijana bado, mtu wa kuangalia sana na kusema kidogo. Alimgeuza Mzee Lembris mikono, akatazama ngozi, akabonyeza tumbo upande wa ini. Ngozi ilikuwa na weusi usio wa kawaida, kama iliyopakwa majivu ya kijivu kwa ndani. Akauliza dawa alizowahi kutumia.

"Za damu," akasema mzee. "Nimekunywa chupa mpaka wajukuu wanachezea vifuniko. Na sindano ile ya rangi ya kahawa. Hiyo nimepigwa mpaka kukalia stuli ni kazi."

Dokta alitaka kupima chuma kilichomo mwilini. Kipimo hicho hatukuwa nacho. Tulifunga damu kwenye themosi yenye barafu, ikaenda Nairobi kwa basi, tukasubiri. Majibu yaliporudi Dokta aliyasoma amesimama, akavuta kiti akayasoma amekaa. Chuma kilikuwa kimezidi mara nyingi ya kinachotakiwa.

Alimweleza mzee mbele yetu, polepole, ndivyo na mimi nilivyojifunza. Chuma ndicho kinachoifanya damu iwe nyekundu na ibebe hewa, na mwili unakihitaji, lakini kidogo. Ndicho kilichojaa kwenye zile chupa na sindano za damu. Kikizidi, mwili hauna njia yake ya kukitoa. Unakiweka akiba. Kinalala kwenye ini, kwenye viungio, na kwenye kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini ya kuishusha sukari. Kongosho likichoshwa na chuma, insulini inapungua, sukari inapanda, mtu anakuwa na kisukari. "Na ini lako limeanza kuumia," Dokta akasema. "Tukikiacha chuma hiki, ini litakufa, na wewe utakufa nalo. Sikufichi."

Mzee Lembris akatazama mikono yake.

"Dokta, kwa hiyo mimi ni bati?"

"Kwa namna fulani."

"Basi nisinyeshewe. Na nikipita Sokon wale wanunuzi wa vyuma chakavu wasinione, watanitia kwenye mizani."

Dokta Anaeli, mtu wa kusema kidogo, alicheka akafuta macho kwa mkono wa koti.

Kwa sukari alipewa insulini ya kuchoma, lakini dawa ya chuma ilikuwa moja, na ilikuwa ya ajabu: kumtoa damu. Chuma kimo ndani ya damu. Ukitoa damu, mwili unachukua chuma kutoka kwenye akiba kutengeneza damu nyingine, na akiba inapungua. Chupa moja kila wiki. Nilifikiri mzee atakimbia. Kumbe nilisahau ni mtu wa wapi. Kwao ng'ombe anafungwa kamba shingoni, anapigwa mshale mfupi kwenye mshipa, damu inakingwa kwenye kibuyu, kidonda kinazibwa, ng'ombe anarudi malishoni. Mzee alikaa kitini akanyoosha mkono mwenyewe.

"Kamba yako imelegea, binti," aliniambia nilipomfunga mpira juu ya kiwiko. "Ng'ombe angekuwa ameshafika kwake."

"Samahani, babu."

"Usiombe samahani, kaza. Na unitazame. Ukitazama chini utamchoma Eliakimu."

Nikamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimtazama mgonjwa usoni, naye akanikonyeza, nikakosea mshipa. Wa pili nikaupata. Damu ilishuka kwenye mpira mpaka kwenye chupa, nyeusi nyeusi na nzito, naye akawa anaisimulia kama mtangazaji wa mpira.

Kila wiki ikawa hivyo. Siku ya Mzee Lembris maabara ilijaa watu wasio na kazi pale. Manesi walikuja kuazima vitu wasivyovihitaji. Alimwita Mzee Eliakimu "mchungaji wa chupa", na Mzee Eliakimu alimwita "kiwanda". Dokta naye alipita akauliza maswali yake: insulini anachoma, pombe ameacha, dawa za damu ameacha?

"Mimi sinunui dawa yoyote," mzee alijibu.

"Unakula nini?"

"Ninachopewa."

Wote tukacheka. Lilikuwa jibu zuri, na likaishia hapo.

Miezi ikapita. Mkojo ulikuwa bado tofali. Insulini ilibidi iongezwe. Dokta akafunga themosi nyingine kwenda Nairobi, na majibu yaliporudi hayakuwa yameshuka hata kidogo, yalikuwa yamepanda. Sijawahi kumwona Dokta Anaeli vile. Alikaa kwenye stuli yetu akasema, "Eliakimu, huyu mzee anatuponyoka. Tunatoa na hakipungui. Kinatoka wapi?" Mzee Eliakimu alisafisha miwani yake, akaivaa, akaivua tena. Dokta akasema labda tumekosea ugonjwa tangu mwanzo, labda tumwache apumzike nyumbani siku zilizobaki.

Ile wiki, mzee alipochelewa kuingia, Yeyo alitangulia yeye kwenye dirisha letu. Hakuwa amewahi kutusemesha. Alikuwa na uso wa kufurahi, ananong'ona kama anayetoa siri nzuri.

"Leo mtoeni tu bila wasiwasi," alisema. "Nimemjaza vizuri."

Mzee Eliakimu akaweka chini alichokishika. "Umemjaza nini, mama?"

"Damu! Si mnamtoa? Mkimaliza kumtoa nampitisha pale dukani ng'ambo, wanampiga ile sindano ya kahawa. Nyumbani tunachoma mshale ng'ombe, anakunywa damu na maziwa. Maini yote yake. Na chupa nyekundu, asubuhi na jioni." Akatutazama mmoja mmoja. "Mlidhani nitamwacha mume wangu akauke? Nyie mnatoa, mimi narudisha. Hamjanishinda hata wiki moja."

Mzee Eliakimu alianza kutikisika mabega. Akatafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya kreti la chupa. Alicheka bila sauti, machozi yanashuka, na mimi kwa aibu zangu zote nikaanguka kwenye meza nikicheka. Miezi yote ile! Sisi tunachota huku, yeye anamimina kule, na katikati yetu ni Mzee Lembris anayesema ukweli mtupu kwamba hanunui dawa na anakula anachopewa.

Dokta alikuja mbio. Hakucheka kwanza. Alimwomba Yeyo aingie ndani akae kwenye kiti, akamwita na mzee, akaanza kueleza upya yote aliyomweleza mume peke yake siku majibu ya kwanza yalipokuja. Alipofika kwenye ini, uso wa Yeyo ulibadilika.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua?"

"Hapana," akasema Dokta. "Hakuna aliyekuambia. Wewe ndiye unayepika, na sisi tukaongea na anayekula."

Yeyo akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua nisinunue," mzee akasema, kwa mara ya kwanza bila utani. "Nilifikiri chako ni chakula tu. Na ile sindano uliniambia ni ya nguvu tu, nikajifanya siijui. Nami nilitaka nguvu."

"Siwezi kuacha," Yeyo akasema. Alikuwa analia sasa. "Mwanamke akijifungua, anapewa damu. Kijana akitahiriwa, anapewa damu. Mume wangu anatolewa chupa nzima kila wiki na mimi nimpe uji? Mama yake bado yuko hai. Ndugu zake watasema namnyima ili afe nirithi ng'ombe."

Dokta alijua dawa, lakini hakujua la kufanya na ndugu wa mume.

Yeyo alijifuta kwa khanga, akanyoosha kidole chake kwangu. "Binti, hebu nichome na mimi. Kila wiki nakaa nje nasikia mnacheka humu. Nataka kujua kama mnamuumiza."

Nikamchoma. Tone lilitoka, nikalikinga na karatasi, kwa mazoea tu. Mzee Eliakimu aliichukua ile karatasi mkononi mwangu akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kando ya kitabu cha rangi, akaisogeza kutoka wekundu mmoja kwenda mwingine, akishuka, akishuka. Hakuwa anacheka tena. Akampa Dokta. Dokta akamvuta Yeyo kope ya chini. Ilikuwa nyeupe kama ndani ya ganda la yai.

"Yeyo, wewe unakula maini?"

"Maini ni ya mzee."

"Damu unakunywa?"

"Nikinywa mimi, yeye nimwachie nini?"

"Hata ile chupa nyekundu hujawahi kuonja?"

Akamtazama kama aliyemtukana. "Ni ya kwake!"

Sasa Dokta Anaeli ndiye aliyekosa kiti. Akaegemea kabati la vyombo, likalia lote. "Jamani, jamani," akasema, "nyumba moja! Mmoja anakufa kwa chuma kuzidi, mwingine anakauka kwa kukikosa, na wanakula kutoka jiko moja!" Akamgeukia mzee. "Baba, dawa yako nimeipata. Kila kitu anachokupa cha kuongeza damu, ale yeye. Maini, damu, vyote. Wewe kula ugali, maharage, na maziwa yako. Sindano na chupa za dukani, mwisho leo, kwenu wote; Yeyo nitampa vidonge mwenyewe, kwa kipimo."

"Na ndugu zangu?" Mzee Lembris akauliza.

"Ndugu zako siwawezi."

Mzee alimtazama mkewe. Halafu akasema, "Hao niachie mimi." Lakini hakuwa na uso wa mtu mwenye uhakika.

Tuliendelea kumtoa. Sasa Yeyo alikaa ndani, kiti cha pili, na kila wiki nilimchoma kidole na karatasi yake ikapanda rangi taratibu. Siku kichupa cha mzee kilipoishia njano badala ya tofali, Mzee Eliakimu alikizungusha maabara nzima kama kombe. Kilipofika kijani, manesi walipiga vigelegele mpaka matroni akaja kuuliza nani amejifungua. Insulini ilipunguzwa, ingawa haikuachwa, na Dokta alisema isitarajiwe kuachwa. Kongosho lililoumia halirudi upya. Ini lilitulia. Barua ya Nairobi ilisema chuma kinashuka. Dokta alituonya wote, nami nawaonya ninyi: msimwambie kila mwenye kisukari atolewe damu. Wengi ugonjwa wao hautokani na chuma kabisa. Ila mgonjwa akiwaambia anakula anachopewa, mfungulieni mlango anayempa. Tangu siku ile benchi la nje kwa Dokta Anaeli lilibaki tupu.

Vitu vikabadilika. Zikaja sindano za plastiki za kutupa, nikalipeleka jiwe la kunolea nyumbani, nanolea kisu. Vikaja vikaratasi vya sukari, kisha vimashine. Ninyi hamjawahi kupika mkojo. Nawahurumia.

Lakini lililobaki ni la ndugu wa mzee. Kwa miezi ile alikuwa akimpa Yeyo maini jikoni, mlango umefungwa, kama wezi. Dokta alisema dawa ikiwa ni ya kujificha, haitadumu. Siku moja ndugu watamwona mzee amekonda, watampeleka dukani wenyewe.

Binti yao wa mwisho alipoolewa tulialikwa, mimi, Mzee Eliakimu na Dokta. Baada ya kanisa tulipanda kwao, mbuzi na ng'ombe wakachomwa, wazee wa rika lake wakakaa kwa duara, na mama yake mzee, mkongwe haswa, kwenye kiti mbele. Maini, ambayo kwao ni ya wanaume, yakaletwa kwenye sinia, yakawekwa mbele ya Mzee Lembris. Yeyo alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake. Nilimwona ameshika mdomo.

Mzee Lembris alikata kipande kikubwa. Akainuka. Akapita mbele ya rika lake lote, kipande kwenye ncha ya kisu, akaenda mpaka kwa mkewe.

"Lembris!" mzee mmoja akaita. "Arusi ya leo ni yako au ya binti yako?"

"Amelogwa na hospitali," mwingine akasema. "Walimtoa damu na akili ikatoka."

"Semeni mnavyotaka," mzee akajibu bila kugeuka. "Nilikuwa nakufa kwa haya maini, na huyu alikuwa anakufa kwa kujinyima yeye mwenyewe ili nile mimi. Anayetaka nife ayalete tena mbele yangu. Mama, wataka nife?"

Mkongwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Hata nyama motoni niliisikia. "Mpe," akasema. "Inapoa."

Yeyo alipokea kwa mikono miwili. Akatafuna, mbele ya watu wote, polepole, macho yamefumbwa. Akameza. Akayafumbua macho, akawatazama wale wazee wa kwenye duara.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mnatuficha!"

Na wanawake wote waliokuwa nyuma yake wakaanza kusogea mbele, kila mmoja na sahani yake.